Fedha za kampeni bila kufungwa mdomo

Dada, umeuliza kama kikundi chenu cha kutetea mikoko kipokee fedha za kampuni inayotaka kujenga jirani na mikoko hiyo. Msipokee, hata kama barua yao inasema hakuna masharti. Masharti huja baadaye, siku mnayotaka kupinga jambo na mhasibu akawakumbusha mishahara inatoka wapi.

Greenpeace, shirika la kimataifa la kutetea mazingira lililoanza Vancouver, Kanada, mwaka 1971, halipokei fedha za serikali, kampuni wala vyama vya siasa. Linaishi kwa michango ya watu binafsi na ruzuku za wakfu. Mtasema hao ni wakubwa. Kweli, lakini njia yao inawafaa hata nyinyi: wachangiaji wengi, kila mmoja kidogo. Ada ya mwezi kwa M-Pesa haitajaza akaunti haraka, na lazima mtu afuatilie wanaosahau, ila hakuna mwanachama mmoja atakayewatisha kwa kujitoa.

Wafadhili wa nje msiwakatae wote. Andikeni kikomo kwenye katiba yenu; mimi ningesema mfadhili mmoja asizidi robo ya bajeti. Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa 2025, mashirika mengi Afrika Mashariki yaliachisha watu kazi kwa sababu yalitegemea chungu kimoja. Iliniuma sana kuona hayo.

Wachangiaji wakubwa watangazeni hadharani, jina na kiasi. Kampuni hiyo ijibuni kwa maandishi, nakala ibaki kwenye faili.