Gari la okazi lenye ubovu: ubovu gani unanunulika?

Ikifika mwezi wa sita na wa saba, simu yangu hujaa picha za magari ya okazi, yaani yaliyokwisha kutumika. Shemeji, binamu, majirani wa Bel-Air, wote wananiuliza kitu kilekile: "Yaya, hii ya dola elfu mbili na mia tano niichukue? Iko na kaproblemu kadogo tu." Wananiuliza mimi kwa sababu sijawahi kununua gari zima. Yote niliyowahi kuendesha hapa Lubumbashi niliyanunua yakiwa na ubovu, na mengi yalinitumikia vizuri. Kwa hiyo jibu langu huwa swali: hako kadogo ni nini hasa?

Kwangu ubovu wa gari uko wa namna mbili. Upo ulio na mwisho: amortisa za kupunguza mitikiso zimekufa, rotule (viungo vya magurudumu) zinagonga, freni zimeisha, pine zimelika, batri haishiki. Unauliza bei ya piese, yaani vipuri, fundi anakutajia mkono wake, yaani malipo ya kazi, unajumlisha, basi. Halafu upo usio na mwisho: moteri inayochemka, bwati ya gia inayosita, waya zilizoingia maji. Huo hata fundi mwaminifu hawezi kukutajia bei yake mpaka afungue, na akishafungua gari limeshakuwa lako.

Ubovu wa kwanza mimi naununua kwa furaha, tena naupenda, kwa sababu unawatisha wanunuzi wengine. Gari likipita kwenye mashimo ya Katuba likipiga kelele kama kabati la vyombo, bei inashuka kuliko gharama yenyewe. Tuseme Toyota Ist mbovu inauzwa dola 2,500, na mwenzake wa miaka ileile anayetembea vizuri anauzwa 3,800. Tofauti ni 1,300. Jumlisha piese, mkono wa fundi na nauli za taksi siku zote gari litakazolala garaji. Kisha ongeza theluthi, maana sijaona garaji ambako hesabu ya kwanza ndiyo ya mwisho. Ukipata 900, nunua. Ukipata 1,200, mwachie mwingine. Kwa dola 100 unajitafutia usumbufu wa bure.

Ubovu wa pili nauogopa, na hapo kuchemka kwa moteri ndiko kunakoficha mengi. Niliwahi kwenda kuangalia RAV4 moja mwezi wa saba, asubuhi na mapema, baridi ile ya kuvaa koti. Nikaweka kiganja juu ya boneti: joto.

"Papa, imetoka wapi asubuhi hii?"

"Haijatoka, mama. Nimeiosha tu."

Gari lililooshwa kwa maji ya baridi halipati joto. Mtu akikuwashia moteri kabla hujafika, kuna kitu hataki ukione ikiwa baridi. Nikaomba tusubiri ipoe, tukakaa kwenye viti vya plastiki tukizungumza habari za watoto. Ilipopoa fundi wangu alifungua kifuniko cha radiateri: maji yenye rangi ya kutu, si ile dawa ya radiateri ya kijani au nyekundu. Moteri ilipowashwa, mapovu yakaanza kupanda, na hayakukoma. Mapovu yasiyokoma mara nyingi yanamaanisha moshi wa ndani ya silinda unaingia kwenye maji, yaani gasketi ya kulasi, kile kichwa cha juu cha moteri, imeungua au kulasi yenyewe imepinda. Angalia pia chini ya kifuniko cha oili na kwenye kijiti cha kupimia. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe nyuma usikutishe dakika za kwanza, kwenye baridi kila gari linatoa mvuke. Moshi ukiendelea baada ya moteri kupata joto, hapo tena ni habari nyingine.

Fundi akanionyesha kitu cha mwisho: feni ilikuwa imeungwa moja kwa moja, inazunguka wakati wote, na termostati, kile kilango cha maji ya moteri, haikuwepo. Mwenye gari akasema, "Tuliitoa, ni ya nchi za baridi, huku haina kazi." Maneno hayo utayasikia garaji nyingi za mji huu na si kweli. Termostati za Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kazi yake ni kuifikisha moteri kwenye joto lake na kuiweka hapohapo. Anayeitoa na kuunga feni hivyo, mara nyingi anafunika gari linalochemka. Na kwenye baridi yetu ya mwezi wa saba linafunikika kabisa! Ndiyo sababu wauzaji wa magari ya namna hii wanajitokeza miezi hiyo. Mwezi wa kumi, jua likiwaka kabla ya mvua, lingechemka kabla ya kufika Likasi. Nilimshukuru papa yule nikaenda zangu. Kama una subira, nunua mwezi wa kumi, saa nane mchana.

Kwa RAV4 na Toyota nyingine za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zenye moteri ya 2AZ-FE uliza zaidi, kwa sababu nyuzi zinazoshika bolti za kulasi kwenye bloku zinajulikana kwa kuachia. Gasketi mpya peke yake haimalizi.

Bwati otomatiki: tia D moteri ikiwa baridi. Ikisita kisha ikaruka, au oili yake ni nyeusi na inanuka kuungua, usijadili bei. Kwa waya, nusa zulia na uinue kona moja. Harufu ya ukungu inasema maji yaliwahi kukaa humo.

Fundi mlete wako mwenyewe, na umlipe asubuhi yake hata kama hununui. Usipomlipa, riziki yake inategemea wewe kununua gari bovu alitengeneze. Yule anayeletwa na komisionere, dalali wa magari, msalimie kwa heshima, usimsikilize.

Uliza pia kama piese zinapatikana. Ist, Noah au RAV4, mjini zipo, mpya na za okazi. Gari zuri ambalo hujawahi kuona mwenzake mtaani litakulalia garaji likisubiri kitu kidogo kutoka Dubai.

Halafu volani, yaani usukani. Magari mengi yanatufikia kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia, yakiingilia Kasumbalesa, na volani iko kulia, wakati sisi tunatembea upande wa kulia wa barabara. Kwa safari za mtaa wa Golf na mjini si neno. Lakini kama kazi yako ni ya barabara ya Kasumbalesa au Likasi, nyuma ya lori la madini huoni cha mbele mpaka nusu ya gari iwe imeshatoka nje. Mimi kwa barabara hizo silinunui, hata liwe la bure.

Karatasi ziangalie kabla ya moteri, kwa kweli ningeanza nazo. Namba ya shasi iliyogongwa kwenye chuma lazima ifanane na ya karti rozi, karatasi ya usajili wa gari, na ya karatasi za forodha, herufi kwa herufi. Jina la muuzaji lisipokuwepo humo, aje mwenye jina. "Yuko Kolwezi, atakuja" maana yake pesa nazo zinasubiri mpaka afike.

Ukishanunua, fedha za kwanza ziende kwenye oili, filtri ya hewa, ambayo kwa vumbi letu jekundu karibu kila mara imeziba, na dawa ya radiateri. Amortisa zisubiri mwisho wa mwezi.