Damu ya mtoto haipandi: chunguzeni utumbo

Pole, mama. Mtoto wa miaka 4, damu (hemoglobini) 7, miezi mitatu ya dawa ya madini chuma bila mabadiliko, malaria na selimundu hana: mimi ningetafuta damu inakovujia. Anza na choo, sampuli za siku tatu tofauti, mbichi. Kwenye slaidi ya Kato-Katz (kipimo cha kutafuta mayai ya minyoo kwenye choo kwa hadubini) mayai ya safura, minyoo inayonyonya damu utumboni, hufifia baada ya saa moja hivi; slaidi ikichelewa kusomwa, ndipo unaambiwa "hana minyoo". Omba pia kipimo cha damu iliyofichika, yaani damu ya chooni isiyoonekana kwa macho. Maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku, maana yakizidi nayo hupunguza chuma mwilini.

Dawa ya chuma hufanya choo kiwe cheusi, hiyo kawaida. Kikinata kama lami, au kikitoka chekundu hata bila maumivu, nenda hospitali ya rufaa leo hii. Huenda ni kijifuko cha Meckel, kifuko kidogo cha kuzaliwa nacho kwenye utumbo mdogo kinachoweza kuvuja damu, na kipimo cha choo hakikioni.