Anakisema tangu utotoni, asome nini tena?

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mume wangu ni mtu wa El Salvador, tunaishi Houston, Texas. Binti yetu ana miaka 19 na anasomea uuguzi. Kihispania alikinyonya kwa mavyaa wangu, mtu wa San Miguel, aliyemlea nilipokuwa kazini usiku na mchana. Sasa chuoni wamempima, wakamtoa darasa la wanaoanza wakamtia darasa la waliokulia na lugha nyumbani. Insha ya kwanza imerudi nyekundu juu mpaka chini. Ameandika “haber” pahali pa “a ver”, ameandika “haiga”, na mwalimu akamwambia hilo si neno. Siku ile ile, wageni wako mezani, bibi yake akasema “haiga”, naye akamkosoa kwa sauti. Mavyaa alinyamaza. Tangu hapo akiongea na mjukuu wake ni kwa Kiingereza cha kuokoteza. Baba yake naye asema: tunalipa karo afundishwe lugha ya nyumbani kwake? Arudi kwa wanaoanza apate alama zake, au aache kabisa? Tena Kiswahili changu anakisikia lakini hajibu, nalo laniuma.
Mama Wawili, Houston

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Kwa wanaoanza asirudi. Huko atakaa muhula mzima akisubiri wenzake wamalize kuhesabu na kutaja rangi, atapewa alama za juu, na atatoka akiandika “haber” vile vile alivyoingia.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kihispania nilikipata Cuba, nilikokwenda kusoma kwa ufadhili nikiwa mtu mzima, kisha nikakifundisha miaka mingi chuo cha jioni huku huku Texas. Wanafunzi kama binti yako nawajua hata kwa wanavyokaa: nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwenzao aliyekariri vitenzi kwenye kitabu ananyoosha mkono kila dakika, huyu aliyebembelezwa kwa Kihispania anakwambia, “Mimi sijui, naongea cha jikoni tu.” Na ukifungua redio ya Kihispania, mwenye kitabu anaambulia neno moja moja, huyu wa jikoni ameshacheka kabla mzaha haujaisha. Sikio hilo halinunuliki. Mwaka 2002 watafiti wa California walichapisha matokeo ya kuwapima watu ambao utotoni walikuwa wakikisikia tu Kihispania, bila kukizungumza kwa kawaida. Walipokuja kukisoma ukubwani, matamshi yao yaliwapita wenzao walioanzia darasani.

Sasa hiyo insha. “Haber” ni kosa la mtu aliyejifunza kwa kusikia. Katika Kihispania b na v hutamkwa sawa, h haisikiki, kwa hiyo “a ver”, tuone, na “haber”, kitenzi kingine kabisa, sikioni ni kitu kimoja. Mgeni hakosei hapo kwa sababu alianza na maandishi. Ni kama vijana wetu mtandaoni wanaoandika “ajaja” wakikusudia “hajaja”; hakuna anayesema hawajui Kiswahili, wamekosa kusoma tu. Dawa ni kusoma kila siku, kitu anachokipenda, na kuandika upya yale yaliyotiwa wekundu. Hilo litakwisha mapema kuliko mnavyodhani.

“Haiga” ni habari nyingine. Mwalimu alikuwa na haki ya kusahihisha, maana insha ya chuo hutaka “haya”, umbo la kitenzi hicho hicho “haber”. Lakini kusema si neno, hapo amepitiliza. Utalisikia mashambani Hispania kwenyewe, Meksiko na Amerika ya Kati. Na bila shaka bibi husema “vos tenés”, yaani wewe una, pale kitabu kinapoandika “tú tienes”. Hiyo “vos” ndiyo iliyomo magazetini na kwenye matangazo ya biashara huko Argentina. Mimi mwenyewe s za mwisho wa maneno nazimeza Kikuba, na Wasalvador nao wanazipumua kama h yetu ya Kiswahili. Binti akamwone mwalimu baada ya kipindi, kwa adabu, amwombe awe anampambanulia: lipi ni kosa la tahajia, na lipi ni lugha ya nyumbani isiyotakiwa kwenye insha. Hivyo ni vitu viwili, na mwanafunzi anayeonyeshwa tofauti yake hupanda haraka. Anayepigiwa mstari mmoja mwekundu juu ya vyote anarudi nyumbani kumkosoa bibi yake.

Aibu hii, mama, hapo Texas ilifundishwa shuleni. Katika mji wa Marfa, magharibi ya jimbo, kulikuwa na shule ya watoto wenye asili ya Meksiko iliyoitwa Blackwell. Mwaka 1954 wanafunzi waliandikishwa vikaratasi, vikatiwa ndani ya kisanduku na kufukiwa ardhini: mazishi ya Kihispania, na watoto ndio waliokizika. Tangu 2022 sheria inalitambua jengo hilo kuwa mahali pa historia ya taifa. Wewe uliyesoma Kenya huhitaji kuelezwa sana. Kile kibao cha kumvisha mtoto aliyeponyokwa na lugha ya kwao, akazunguka nacho mpaka amnase mwenzake, kilikuwa cha ukoo huo huo. Baba yake anaposema lugha ya nyumbani haina cha kusomewa, na binti anapomkosoa mzee mezani, wote wawili wamelishwa chakula cha jiko moja.

Hapa nina neno na binti. Kukosoa mkubwa mbele ya wageni ni utovu wa adabu, San Miguel na Mombasa pia, na samahani ya mdomo haitoshi. Ampelekee kazi. Óscar Romero, askofu mkuu aliyeuawa kwa risasi akiongoza misa tarehe 24 Machi 1980, alizaliwa mkoa huo huo wa bibi, Ciudad Barrios, mwaka 1917. Mahubiri yake ya Jumapili yalirushwa na redio YSAX, na watu wengi waliyafuata hewani. Darasa la namna hii halikosi kufika kwa Romero na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya El Salvador, 1980 mpaka 1992. Basi aketi na bibi, aombe ruhusa, aweke simu mezani irekodi. Asiulize “vita vilikuwaje”. Hilo ni swali la mwandishi wa habari. Aulize redio ya kwao ilikuwa ya nani, nani alikuwa akiishika mkononi, betri zilinunuliwa wapi. Bibi akionekana hataki, waende kwenye pupusa, ile mikate ya mahindi yenye kujazwa ndani, na namna ya kuchambua maua ya loroco yanayotiwa humo. Vita atavifikia mwenyewe akipenda.

Akimaliza aandike yote neno kwa neno, “haiga” na “vos” zibaki kama zilivyotoka kinywani. Halafu aandike mara ya pili, kwa lugha ya insha, ampe mwalimu. Kazi hiyo nimewapa wanafunzi wengi. Wanaporudi wanataka kujua kwa nini bibi ametumia wakati fulani wa kitenzi mahali fulani, maswali ambayo sarufi ya ubaoni haijawahi kuwatoa mdomoni.

Kwa mzee wa nyumba, zungumza naye kwa lugha ya kazi. Binti ni muuguzi mtarajiwa, tena Houston. Mgonjwa wa Kisalvador hatamwambia “nina diabetes”. Atasema anaumwa “azúcar”, na moyo wake una shida ya “presión”, kama sisi tusemavyo sukari na presha. Binti yako anamwelewa papo hapo. Asichoweza bado ni kumwandikia maelekezo ya dawa yasiyokosewa, au kumweleza fomu ya ridhaa kabla ya upasuaji, na hilo bibi hakuwa na pa kulifundisha. Kama kinachomkera ni ada tu, upo mtihani wa CLEP wa Kihispania. Vyuo vingi humhesabia anayefaulu masomo bila kuyasoma. Waulize chuo chake kwanza wanakubali kiasi gani. Ila asiufanye badala ya hili darasa.

Ama Kiswahili, nakuuliza: unapomsemesha akakujibu kwa Kiingereza, wewe unaendelea kwa lugha gani? Nadhani nawe unahamia Kiingereza, kwa kuwa umechoka na zamu inakusubiri. Baki kwenye Kiswahili, hata akijibu anavyotaka. Na ukipiga simu Mombasa usimsimamie ukamtafsiria. Mpe simu aende nayo chumbani na binamu zake. Akiingia katika darasa la namna hii kwa Kihispania, mara nyingi mtoto huanza mwenyewe kuulizia lugha ya mama. Akikuuliza, usimcheke matamshi.