Maswali ya Wasomaji: Kikundi kinatoka Dar, ukumbi wetu utakitosha?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Nyanda za Juu Kusini, kwa watu waliokabidhiwa kumbi kubwa na sasa wanapokea vikundi vya maigizo vilivyo safarini. Tumechagua nne.

Salaam wahariri. Nasimamia ukumbi Iringa mjini. Kikundi cha Dar es Salaam kimetuma karatasi ya mahitaji: jukwaa lenye upana wa mita 9, kina mita 7, na nafasi ya juu mita 5. Letu ni 7 kwa 5, na boriti ya chini kabisa iko mita 3.6 kutoka jukwaani. Niwakatalie?

Usiwakatalie, ila usiwajibu "njooni tu, tutaona hapo hapo". Wakifika na roli baada ya kilomita kama 500, pamoja na kupanda mlima wa Kitonga, hakuna atakayekuwa na nguvu ya kukata mbao upya.

Wachoree ukumbi kwa mkono kwenye karatasi moja, vipimo vyote kwa mita: upana wa uwazi wa jukwaa, kina hadi ukuta wa nyuma, boriti ya chini kabisa, na nafasi iliyojificha kulia na kushoto ambako waigizaji husubiri. Chini ya mita 1.5 kila upande, mwenye maleba mapana atakwama. Pima pia mlango wa mizigo na kona za korido. Hapo ndipo wengi husahau. Paneli za mandhari mara nyingi hujengwa kwa ukubwa wa plaiwudi, mita 1.2 kwa 2.4, na hizo hupita zikilazwa. Kipande cha mita 3.6 kikikuta kona ya korido nyembamba kitabaki nje.

Kisha waombe waweke tepu ya 7 kwa 5 sakafuni wanakofanyia mazoezi na wapange upya mchezo humo kabla ya kusafiri. Kina cha mita 5 si chote cha kuigizia: acha sentimita 60 nyuma ya pazia la mwisho ili mtu avuke upande wa pili bila kuonekana. Ukitaka kuongeza jukwaa kwa mbele, tumia meza imara zilizofungwa kwa bolti, zenye kimo kile kile, na ukubali kupoteza safu moja ya viti. Usilipandishe jukwaa zaidi ya mita 1 kwenye ukumbi wa sakafu tambarare. Jicho la mtu aliyekaa liko kama mita 1.1 hadi 1.2 kutoka sakafuni, kwa hiyo jukwaa la mita 1.3 linawanyima safu ya mbele miguu ya waigizaji, na mchezo wenye ngoma bila miguu ni nusu mchezo.

Habari za kazi. Hapa kwetu Mbeya onyesho lililopita umeme ulikatika mara tatu, na TANESCO, shirika la umeme, hawakukata. Jenereta la kVA 20 nalo lilitoa moshi mweusi na taa zikawa zinapepesa. Tatizo nini?

Ni matatizo mawili, tuanze na swichi, ile inayojikata yenyewe mzigo wa umeme ukizidi. Kwenye umeme wa njia moja (fezi moja), swichi ya ampea 32 kwa volti 230 inabeba wati 7,360. Taa za jukwaa za zamani ni wati 1,000 kila moja, hivyo saba zinaijaza. Kikundi kikiwasha 12 kwa pamoja zinavuta ampea 52, na swichi inafanya kazi yake halali ya kukata. Ukumbi wenye njia tatu ugawe taa nne kwa kila njia, kama ampea 17 tu. Taa 12 za LED za wati 200 zinakula wati 2,400 zote kwa jumla, kwa hiyo uliza mapema wanakuja na zipi.

Kabla ya kuchomeka chochote, fundi apime volti za kila njia dhidi ya nyutro, waya wa kurudishia umeme. Zote ziwe karibu 230. Nyutro ikilegea, njia moja inaweza kushuka na nyingine kupanda kuelekea 400, na hapo mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) na amplifaya huungua kabla hujakimbilia swichi. Waya wa ekstensheni uliobaki umeviringwa kwenye gurudumu lake ukunjuliwe wote, maana hupata joto hadi plastiki ikayeyuka.

Sasa jenereta. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300. kVA 20 ni kama kilowati 16 ukiwa Dar. Kwako hesabu 13, na usipakie zaidi ya 10. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha kuungua. Fundi anayekuambia uongeze mafuta anakuongezea moshi.

Tukuyu mvua ikipiga bati hatusikii neno. Tuongeze spika?

Kuongeza sauti peke yake kunaongeza mwangwi. Tundika mablanketi mazito kwenye ukuta wa nyuma, yakiwa sentimita 10 kutoka ukutani. Spika mbili ndogo ziwekwe katikati ya ukumbi. Zikiwa mita 20 kutoka zile za mbele, fundi azicheleweshe kama milisekunde 58, la sivyo watu wa nyuma watasikia kila neno mara mbili. Dari ya jipsamu husaidia ikiwa haijagusa mbao zinazobeba bati. Lakini mvua kubwa ya wilaya yenu ya Rungwe haishindwi na dari. Michezo ya maneno mengi ipange Julai hadi Oktoba, na miezi ya masika ita vikundi vya ngoma.

Kikundi kinataka asilimia 70 ya viingilio. Ni haki? – Msomaji, Njombe

Uliza kwanza: asilimia 70 ya nini? Tuseme umeuza tiketi 300 kwa shilingi 8,000, yaani 2,400,000, na gharama (ukumbi, jenereta, matangazo, ulinzi) ni 1,600,000. Mkigawana baada ya gharama, wao wanapata 560,000 na wewe 240,000. Mkigawana kabla, wao wanachukua 1,680,000, wewe unabaki na 720,000 na deni la 880,000. Yote mawili huitwa "70 kwa 30". Iandikwe kwenye mkataba, pamoja na nani anafuatilia kibali kwa afisa utamaduni, nani analipa malazi, na tiketi za bure ni ngapi.

Na kwa Njombe, mwezi wa Juni na Julai anza saa kumi na moja jioni. Ukianza saa mbili usiku, baridi itakuondolea watu kabla ya sehemu ya pili. Ngoma za ngozi nazo hulegea kwenye ubaridi wenye unyevu. Wapigaji watataka moto wa kuzikaza, kwa hiyo watengee mahali nje, mbali na mapazia, na ndoo mbili za mchanga.