Kabla ya kamera kuingia, uliza kuhusu rangi

Wiki iliyopita nimepimwa utumbo mpana kwa kamera kwa mara ya 4. Naishi na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, kolaitisi, mwaka wa 11 sasa. Ndugu yangu mwenye tatizo hili, ukifikisha miaka 8 tangu dalili zianze, nenda ukapimwe, hata kama damu imekoma na ugali unashuka vizuri. Ugonjwa ukikaa miaka mingi huongeza hatari ya saratani. Mwenye pia ugonjwa wa njia za nyongo kuwa na makovu na kusinyaa (PSC) asingoje miaka hiyo. Yeye hupimwa kila mwaka.

Kipimo changu cha 3 kilipotea bure. Nilikwenda huku bado natoka damu, na dawa ya kusafisha tumbo nilikuwa nimeiacha nusu jagi kwa sababu ya ile ladha yake. Daktari akaniambia utumbo wote ni mwekundu na una uchafu, hawezi kujua kipi ni kidonda cha kawaida na kipi ni chembe zinazoanza kugeuka kuwa saratani. Basi, tuliza ugonjwa kwanza, na dawa inywe yote.

Safari hii nilimuuliza mapema: mtamwaga rangi ndani ya utumbo ili madoa yaonekane? Akasema ndiyo, methilini bluu. Nililala ubavu nikitazama skrini. Ukuta wa utumbo ulikuwa laini, wa waridi, hauna kitu. Rangi ilipomwagwa, vikatokea vijishimo na vifereji kama mchanga maji yakishakupwa, na katikati doa dogo kama punje ya dengu ambalo halikushika rangi. Dakika moja kabla, mimi na yeye tulikuwa tumelitazama tusilione! Kwa sisi wenye kolaitisi mabadiliko mengi huwa bapa, hayachomozi. Akakata kipande kidogo cha nyama pale pale kikapimwe. Majibu yametoka: ni salama, alhamdulillahi.

Zamani, bila rangi, madaktari walikata ovyo ovyo, vipande 4 vya nyama kila sentimita 10, zaidi ya 30 kwa jumla, wakibahatisha.

Kama hospitali yako haina rangi, uliza kama kamera yao ni ya picha zenye ubora wa juu (HD), na kama ina kitufe cha kubadili mwanga ukabaki wa bluu na kijani. Damu hufyonza mwanga huo, mishipa ikaonekana myeusi, wazi. Omba picha zako uzitunze kwa kipimo kijacho.

Na ukipakwa methilini bluu, mkojo wa kijani siku ya pili usikutishe.