Usichague daraja kwa raundi yako bora

Bahasha ya zawadi niliyopewa ilikuwa nyembamba, jina langu limeandikwa juu kwa kalamu iliyokuwa inaishiwa wino. Yalikuwa mashindano ya gofu ya diski, mchezo wa kutupa diski mpaka iingie kapuni kwa mitupo michache iwezekanavyo, na siku hiyo upepo ulivuma tangu asubuhi. Wenzangu walikuwa wanavizia makapu ya mbali, diski zinapeperuka nje ya mpaka, wanaongezewa mtupo wa adhabu. Mimi nilicheza kiwoga tu, mitupo mifupi ya chinichini, na jioni nikajikuta nimeshika nafasi ya mwisho inayolipwa katika daraja la wazi la wachezaji wa kulipwa. Nikapokea bahasha, nikapigwa picha, nikacheka.

Hela zilizokuwamo hazikufikia hata kiingilio nilicholipa. Ila kwa kanuni za PDGA, chama kinachosimamia gofu ya diski tangu 1976, pale pale nilikuwa nimeacha kuwa mchezaji wa ridhaa. Kuingia daraja la kulipwa si tatizo. Mchezaji wa ridhaa anaruhusiwa kucheza humo, akafanya vizuri, akazikataa hela, na hadhi yake ikabaki palepale. Kinachokubadilisha ni kuzipokea. Kwa hiyo kama unataka tu kupima ubavu na wakubwa, mwambie mwandaaji mapema, kabla matokeo hayajatoka, kwamba hela hutaki. Ukisubiri mpaka bahasha iko mbele ya macho yako, utajikuta umeshanyoosha mkono.

Sasa kila nikiulizwa na anayeanza, swali ni lilelile: reitingi yangu, yaani namba inayopima kiwango changu, inatosha daraja gani? Swali si baya, lakini wengi wanaouliza hawajui hiyo reitingi inapikwaje.

Haihusiani na par ya uwanja, yaani idadi ya mitupo iliyowekwa kama kipimo cha uwanja. Inatokana na wachezaji mliocheza nao raundi ileile, wale ambao tayari wana reitingi ya kuaminika. Kwa matokeo yao inakadiriwa mchezaji wa reitingi ya 1000 angemaliza uwanja ule kwa mitupo mingapi siku ile, kisha wewe unapimwa kwa hapo. Ndiyo maana kulalamikia upepo hakusaidii. Uliwapiga na wao. Kwenye uwanja wa kawaida wa makapu 18, ambao mchezaji wa 1000 angeumaliza kwa mitupo kama 50, kila mtupo ni takriban pointi 10. Uwanja ukiwa mrefu na mgumu, mtupo mmoja unapungua thamani.

Halafu unakuja wastani. Zinachukuliwa raundi zako za miezi 12 kurudi nyuma kuanzia ile ya mwisho, na robo ya karibuni zaidi inahesabiwa mara mbili. Ukiwa na raundi 20, tano za mwisho peke yake zinabeba asilimia 40 ya reitingi yako. Wikiendi moja nzuri inakuinua, na inakudanganya pia. Isitoshe, raundi iliyoharibika kupita kiasi, iliyoshuka zaidi ya pointi 100 chini ya wastani wako, inaondolewa kwenye hesabu, wakati raundi nzuri kupita kiasi inabaki. Kwa maneno mengine namba ile inakupendelea kidogo, na bado watu wanaiona inawaonea.

Mimi nilikuwa na reitingi ya 912 nilipocheza raundi ya kiwango cha 968. Patta yoyote niliyogusa, yaani mtupo mfupi wa kumalizia kapuni, iliingia, hata moja iliyogonga juu ya kapu ikarudi kwenye minyororo. Nikalala nikijiona wa 968. Wiki iliyofuata nikarukia daraja la juu. Tofauti ya pointi 56 ni kama mitupo mitano au sita kwa kila raundi, na mashindano yale yalikuwa ya raundi tatu. Piga hesabu mwenyewe. Kufika raundi ya pili nilikuwa natupa wa mwisho karibu kila kapu, wenzangu wananisubiri kwa adabu, na hakuna nilichojifunza zaidi ya kuharakisha.

Siku hizi namwambia mtu hivi: fungua orodha ya raundi zako, ile nzuri kuliko zote ifunike kwa kidole. Tazama ya katikati, kisha tatu mbovu. Kwenye mashindano ya siku mbili, moja kati ya hizo mbovu itakuja, iwe leo au kesho. Ukiicheza hiyo na bado ukawa katikati ya msafara wa daraja lile, ingia. Kama itakuacha mkiani peke yako, subiri miezi michache.

Kuna na upande wa pili, wanaojificha chini kwa ajili ya vikombe. Nilipoanza, mipaka ya madaraja ya ridhaa ilikuwa reitingi ya chini ya 935, chini ya 900 na chini ya 850, na lile la juu kabisa halikuwa na kikomo. Unamkuta mtu yuko 897 mwaka mzima, kila zikikaribia siku za kusahihisha reitingi anacheza raundi mbovu ajabu. Sitaki kumsema mtu, lakini tunaona. (Angalia jedwali la mwaka huu kabla hujajiandikisha, mipaka hubadilishwa.) Na kama unatimiza miaka 40 wakati wowote mwaka huu, madaraja ya umri yako wazi kwako tangu Januari, usiyadharau, humo kuna wazee watakaokufundisha kupatti.

Kuhusu mimi, nilicheza msimu mzima upande wa kulipwa, sikulipwa tena hata mara moja. Kisha nikaandika barua kuomba nirudishwe ridhaa. Walinikubalia. Mashindano ya kwanza baada ya hapo nilimaliza wa tisa, na zawadi yangu ilikuwa diski ya rangi ya machungwa ambayo mpaka leo haiendi moja kwa moja.