Mgodi ukija jirani: maswali yenu

Mgodi wa kisasa una mitambo mingi na watu wachache. Sisi majirani tutafaidika na nini?

Ni kweli, siku hizi kuna malori ya migodini yanayobeba zaidi ya tani 200 bila dereva. Ajira nyingi ni za wakati wa ujenzi, nao ukikamilika watu wanarudi nyumbani. Ndiyo maana nawasihi mtazame zabuni. Mgodi unahitaji mboga, mayai, usafiri, sare na wachomeleaji kila wiki. Shida ni pale zabuni inapotangazwa kwa fungu kubwa. Fundi cherehani akitakiwa kushona ovaroli 2,000 kwa mwezi, ameshatoka. Mpe 100, mlipe ndani ya siku 15 badala ya 90, ataongeza cherehani ya pili na kumwita mwenzake. Basi daini hayo mawili yaandikwe kwenye mkataba: mafungu madogo na malipo ya haraka.

Mrabaha na mgawo wa faida vina tofauti gani?

Mrabaha kwa kawaida hukatwa kwenye thamani ya madini, mgodi upate faida usipate. Mgawo wa faida husubiri faida, na anayepiga hesabu hizo ni mwenye mgodi. Nchini Kenya, Sheria ya Madini ya 2016 imeitengea jamii ya eneo la mgodi asilimia 10 ya mrabaha, kaunti 20 na serikali kuu 70. Huko Quebec, Kanada, Wainuit, wenyeji wa asili wa huko, walisaini mkataba na mgodi wa nikeli wa Raglan mwaka 1995, wakapata asilimia 4.5 ya faida baada ya mtaji kurudi. Mimi ningeanza na mrabaha. Lakini popote pale, ulizeni fedha inaingia akaunti gani na nani anasaini, kisha hesabu zibandikwe pale kila mtu anapopita.

Tunahofia maji yetu.

Mna haki ya kuhofia. Bwawa la topesumu, yaani tope linalobaki madini yakishatolewa kwenye mawe, lilipopasuka Brumadinho, Brazili, Januari 2019, watu wapatao 270 walikufa. Pimeni visima na mto kabla shimo la kwanza halijachimbwa, na nakala ya majibu ibaki kwenu. Bila kipimo hicho, siku maji yakibadilika mtaambiwa yalikuwa hivyo tangu zamani. Ulizeni pia bwawa litajengwa wapi, na nani anaishi chini yake.

Wameahidi kutujengea zahanati. Tukubali?

Kubalini, ila kwanza mjue mshahara wa muuguzi na dawa vitalipwa na nani. Jengo ndilo sehemu rahisi.

Madini yakiisha?

Fedha ya kufukia mashimo na kupanda miti iwekwe dhamana kabla ya uchimbaji kuanza, mahali ambapo kampuni haiwezi kuichukua hata ikifilisika au ikiuza mgodi. Shimo lililoachwa wazi hujaa maji ya mvua, na watoto huenda kuogelea humo.